Kichwa Kisicho na Klasi

Jumamosi hiyo ilianza vizuri tu. Jua lilikuwa limeshapanda, ofisi haina mtu, na dada fundi alikuwa mbele ya kompyuta akimalizia kazi ya marehemu kaka yake. Samahani, kazi yake mwenyewe. Ndivyo alivyomwambia mkubwa wa ofisi, na Jumatatu mkubwa alikuwa amtangaze kiongozi wa mafundi wote.

Kazi yenyewe ni hii. Mtu akifungua ukurasa wa mtandao, kabla haujamfikia, seva, ile kompyuta inayoutuma, hutanguliza maneno machache asiyoyaona: hiki ni kitu gani, kitunzwe muda gani, kimetoka wapi. Mafundi huyaita vichwa vya majibu. Zamani pale ofisini kila mtu alijiandikia vichwa anavyotaka, na makosa yalikuwa bwerere. Kaka akakitungia kila kichwa klasi yake, kipande cha programu cha kukilea hicho kimoja tu, kama mtoto na mlezi wake. Sheria yake ilikuwa moja: kichwa kisicho na klasi hakitoki mlangoni.

Kaka huyo ndiye aliyemtafutia mdogo wake kazi na kumfundisha kila kitu. Kaburi lake halijaota majani, dada akafuta jina lake katika kila klasi na kuweka la kwake. Hata hilo halikumtosha. Programu ilikuwa na kumbukumbu ya nani aliandika nini, tangu mwanzo; akaifuta yote, ianze upya naye. Aliyekufa hana mdomo.

Katika fagiafagia hiyo alikuta klasi ya ajabu. Ilikuwa ya kichwa kiitwacho Waliopo, ambacho hakuna seva aliyoijua iliyowahi kukituma. Klasi ilikipokea na kukimeza kisitoke, basi.

"Kaka naye, homa ilimpanda," alisema, akaitupa.

Sasa alifungua ukurasa kukagua vichwa kwa mara ya mwisho. Vyote sawa. Ila chini kabisa palikuwa na kimoja cha ziada, kisicho na klasi, ambacho kwa sheria ya kaka kisingetoka.

Waliopo: 2.

Aligeuka. Viti vitupu, meza tupu, mlango umefungwa. Alitafuta neno hilo katika programu nzima, halikuwamo. Alizima seva, akaiwasha. Waliopo: 2. Aliiandika upya ile klasi kwa kukumbukakumbuka, na kichwa kikapita kana kwamba hakuna kitu. Alihitaji ile ya kaka, neno kwa neno, na kumbukumbu alikuwa ameifuta kwa mikono yake. Wateja ambao mkubwa angewaleta kukagua kazi wangekiona Jumatatu, na yeye asingekuwa na la kueleza.

Akampigia simu wifi yake, mjane wa kaka.

"Wifi, kaka aliwahi kukutajia kitu kinaitwa Waliopo?"

Wifi akajibu, "Nakuja."

Alikuja na kanga yake ya msiba, akaketi kando yake. Aliongea kwa kunong'ona.

"Alipokuwa anaumwa, kila tukikaa mezani ananiuliza tuko wangapi. Namwambia wawili, mume wangu. Ananiambia, hesabu tena." Akaitazama skrini. "Mwishoni akasema amekifungia kazini. Umekifungua wewe?"

Hapo ndipo angeweza kusema kweli. Mdomo ulifunguka kabisa. Lakini cheo kilikuwa cha keshokutwa.

"Nifungue nini? Hizi klasi ni zangu, wifi. Nimeandika mimi."

"Zote?"

"Zote."

Wifi alimtazama kwa uchungu usio na machozi. "Kaka yako alikufa akiziandika hizo. Haya, kama ni zako, ni zako."

Dada akabonyeza ukurasa ujifungue upya. Waliopo: 2.

"Mbona iko sawa?" wifi akasema. "Mimi na wewe." Akainuka, akaondoka bila kuaga.

Dada akabonyeza tena. Waliopo: 1. Akacheka kwa sauti. Imepona! Akatoka kwenda kunawa uso, na akiwa mlangoni akageuka kuitazama skrini, ukurasa ukijifungua upya wenyewe.

Waliopo: 1.

Chumbani hakukuwa na mtu.

Alirudi. Akaketi. Akasubiri.

Moja.

Akasimama. Akaketi. Akagusa kioo kwa kiganja.

Moja.

"Mimi je?" alinong'ona. "Mimi niko hapa. Huyo mmoja ni nani?"

Moja.

Jumatatu mkubwa alikuja na wateja wake, akamkosa. Simu yake haikuwa ikipatikana, na nyumbani walidhani yuko kazini. Vichwa vilitoka safi kabisa. Klasi ya Waliopo ilikuwa imerudi mahali pake, neno kwa neno, inameza kimyakimya. Mkubwa akafungua kuona ni nani aliyeiandika. Nafasi ya jina ilikuwa wazi, na hivyo hivyo katika klasi zote. Akavuta kiti cha dada aketi, akainuka mara moja. Kilikuwa na joto.