Mgeni wa Chumba cha Majeneza

Wali wa Mélissa ndio ulioanza. Asumpta aliupakua kutoka sufuria moja, kwa mwiko mmoja, kwenye sahani mbili. Wake ukawa unafuka mvuke, wa mwanawe umeganda mafuta kama uliolala kwenye friji. "Mama, huu wa baridi," mtoto akasema. Asumpta akautia kwenye maikrowevu, akaurudisha mezani ukiwa wa moto wa kuunguza ulimi, na kabla hajavuta kiti ulikuwa umeganda tena. Akajiambia ni dirisha. Mtu akiishi ghorofa ya kumi na nne pale Thorncliffe Park, Toronto, hulisingizia dirisha kila kitu.

Dirisha! Na alichokifanya kule chini ya ardhi hakukikumbuka hata kidogo.

Jumamosi iliyotangulia alikwenda kutembea na mwanawe na jirani yao Kanizfatema, mama mtu mzima, Mhindi mzaliwa wa Tanga mwenye Kiswahili kitamu kuliko cha Asumpta mwenyewe. Ilikuwa ile siku ya mwaka ambayo majengo ya kale ya mjini hufunguliwa watu waingie bure, na hawa wawili kwa vya bure hawajambo. Wakaangukia kwenye makaburi ya zamani yenye chumba cha chini. Mama aliyekuwa akiwatembeza wageni akaeleza kwamba enzi hizo ardhi ikishaganda, jembe haliingii, basi maiti walishushwa humo ndani ya majeneza yao, wakapangwa kwenye rafu za mawe kungoja barafu iyeyuke wakazikwe. Wengine hawakuchukuliwa na mtu.

Watu wakapiga picha, wakapanda juu. Asumpta akabaki nyuma, maana Mélissa, miaka saba, alikuwa analia njaa. Akatoa andazi kwenye mkoba, akamkatia nusu, nusu akalitia mdomoni mwenyewe. Na pale, akitazamana na zile rafu tupu, neno likamtoka kwa mazoea, kama linavyomtoka yeyote aliyelelewa Kigoma akila mbele za watu: "Karibuni."

Kanizfatema alimfinya mkono mpaka ukaacha alama. "We Asumpta! Unamkaribisha nani humu?"

"Jamani, limenitoka tu!"

Wakacheka, wakapanda basi, wakarudi zao. Mimi nisingecheka.

Baada ya wali ikaja harufu ya udongo mbichi na mshumaa uliozimwa sasa hivi, upande ule ule wa kiti cha Mélissa. Kisha sauti. Kila wakikaa kula, alisikika mtu wa tatu akitafuna, polepole, kwa adabu, mdomo umefungwa. Siku ya tisa Mélissa alikuwa amepungua kilo tatu na sketi ya shule inamvuka kiunoni. Daktari akapima damu, akasema mtoto mzima huyu, ale zaidi. Ale nini? Kila alichomeza hakikumfaa, akila huku mwingine anashiba, na Jumapili moja mchana, jua likiwa jeupe mezani, Asumpta alimwona mwanawe akisogea taratibu pembeni ya kiti, akijibana kwenye ukingo mmoja kama mtu anayempisha mwenzake akae, na alipomuuliza kulikoni, mtoto akanong'ona bila kugeuza shingo, "Mama, usiseme kwa nguvu. Bado hajashiba."

Asumpta akambeba mwanawe, akashuka ghorofa tatu kwa ngazi, miguu mitupu, mpaka kwa Kanizfatema.

"Jini huyo," Kanizfatema akasema kwa sauti ya chini. "Hupenda mahali watu walipopahama. Na wala hakukuvamia, mwenzangu, ulimkaribisha. Nisome dua mpaka kesho hatoki, maana yeye anajiona mgeni mwenye haki zake. Wewe uliyemkaribisha ndiwe utakayemuaga."

"Ataniulia mwanangu, Bi Kaniz!"

"Hatamuua. Tutamlisha ashibe, tumfungulie mlango. Ila nisikilize vizuri. Akiaga, usimjibu neno. Hata asante."

Wakarudi juu. Wakakifunga king'ora cha moshi kwa mfuko wa plastiki, maana ubani kidogo tu na zimamoto wangejaa ghorofani. Kanizfatema akafukiza, Asumpta akapika pilau sufuria nzima, akaweka sahani ya tatu. Kutafuna kukaanza, taratibu kwanza, halafu kwa haraka, halafu kwa pupa, punje zikididimia zenyewe kwenye sahani, kioo cha dirisha kikitanda ukungu kwa ndani, na Asumpta akipakua tena na tena mpaka mwiko ukagonga kitako cha sufuria, kutafuna kukakoma, na mtu akashusha pumzi ndefu ya shibe.

"Mgeni wetu," Asumpta akasema, machozi yanamtiririka, "kilichokuwepo umekula. Sasa tunakuaga. Nenda salama."

Akafungua mlango. Baridi ikawapita miguuni, ikatoka, ikaifuata korido. Kengele ya lifti ikalia. Mélissa akachota pilau ya sahani yake, macho yakamtoka. "Mama! Ya moto!" Asumpta akamkumbatia, akalia kwa furaha kama mtu aliyefufuliwa mtoto.

Ndipo sauti ikatoka kule kwenye lifti, ya mtu mzima mwenye heshima zake. Msiniulize jini wa Toronto alijifunzia wapi Kiswahili, majini hawaendi shule.

"Mmenikirimu. Nami nasema, karibuni kwangu."

Kanizfatema akajiziba mdomo kwa ushungi. Asumpta akaing'ata midomo mpaka ikatoa damu. Mélissa hakuna aliyemkumbuka. Na tangu ana miaka miwili mama yake alimfunza, tena kwa makofi, kwamba mkubwa akikukaribisha huwezi kumwacha bila jibu. Mdomo ulikuwa umejaa pilau. Akameza kwanza, kwa adabu.

"Asante. Nitakuja."

Lifti haikufunga mlango.

"Lini?" sauti ikauliza.