Nyumba ya Dervla Haina Umeme

Kila Jumapili baada ya misa, Nuala alipika nyama ya kondoo na viazi, na familia nzima ilikula pamoja. Siku hizi hakuhitaji kumwalika mtu. Binti yake Dervla, mkwewe Kilian na mjukuu wake Una waliishi kwake, wote watatu katika chumba kimoja cha nyuma. Viatu vya Kilian vililala chini ya kitanda cha mtoto. Nguo mbichi zilianikwa juu ya viti, maana nje mvua haikukatika.

Si kwamba hawakuwa na nyumba. Walikuwa nayo, namba kumi na nne, katika mtaa mpya nje ya kijiji cha Ballynarra. Ilikuwa imekwisha kujengwa, hata mlango umepakwa rangi ya kijani. Dervla alishanunua mapazia, yalikuwa ndani ya mfuko chini ya meza. Kilichokosekana ni umeme. Bila umeme hapakuwa na joto wala jiko, na mjenzi hakuruhusiwa kumpa mtu funguo. Nyumba arobaini zilisimama gizani, na wenyewe wamebanana kwa wazazi wao.

Jumapili hiyo Kilian aliweka uma chini.

"Mama," alisema, "kaka yangu amepiga simu kutoka Perth. Kuna kazi. Wanataka jibu kabla ya Krismasi."

"Perth ipi?" Nuala aliuliza haraka. "Ile ya Uskoti?"

"Ya Australia, mama," alisema Dervla bila kuinua macho.

Nuala alimtazama Una, aliyekuwa akiponda viazi kwa kijiko. Aliwajua watoto wa kijiji waliokwenda Australia kwa mwaka mmoja tu. Walirudi kuzika wazazi tu.

"Lakini nyumba si iko tayari?" alisema.

"Nyumba bila umeme ni banda la gharama, mama," alijibu Kilian. "Tumechoka kungoja. Hata hatujui tunangoja nini."

Asubuhi Nuala alikwenda kwa jirani yake, Attracta, akisingizia kwamba anataka mayai. Attracta aliwahi kufanya kazi katika ofisi ya umeme, akipanga njia za nyaya. Sasa alifuga kuku, lakini ulimi wake haukustaafu.

"Mayai unayo, nilikuletea Ijumaa," alisema Attracta. "Kaa. Sema kinachokusumbua."

"Kwa nini mtaa mpya hauunganishiwi umeme? Nguzo ziko palepale barabarani!"

"Nguzo si umeme, Nuala. Siku tuliyomzika mumeo, ukumbini tulikuwa na mabirika mangapi ya chai?"

"Moja, lile kubwa."

"Lilitosha?"

"Liliwatosha watu wote."

"Na kama yangefika mabasi mawili ya wageni?"

"Tungeaibika."

"Basi kituo cha zamani cha kupozea umeme ndicho birika letu. Kinatutosha sisi wa zamani. Ukiongeza nyumba arobaini, zenye mashine za joto na magari ya umeme, hakitoshi. Ukilazimisha, kitazidiwa na sote tutakaa gizani. Ndiyo maana walitaka kujenga kituo kipya kule kwenye shamba la Rath."

Nuala alilijua vizuri shamba la Rath.

"Kile si cha jumba la kompyuta?" aliuliza polepole.

"Ni chake na cha mtaa pia. Jumba la kompyuta, lenye maelfu ya mashine za kuhifadhi data, linakula umeme kama mji, mchana na usiku, kwa hiyo lilihitaji kituo. Na mtaa wa Dervla ungeunganishwa hapohapo. Lakini watu walipinga, wakakata rufaa dhidi ya kibali, kila kitu kikasimama."

Nuala hakuhitaji kuuliza ni watu gani. Masika yaliyopita, Fintan, mkulima wa jirani, alileta karatasi ya kupinga kituo, na watu wakaitia sahihi kwenye lango la kanisa. Mvua ilinyesha. Aliyeshika mwavuli juu ya karatasi ni Nuala mwenyewe, na jina la kwanza lilikuwa lake. Nani angemkatalia jirani baada ya misa?

"Mbona hukuniambia?" aliuliza.

"Nilikuambia. Ulinijibu nisizuie foleni."

Nuala alifunika uso. Majuto ni mjukuu, wanasema, na wake alikuwa nyumbani, karibu kupelekwa ng'ambo kwa kalamu ya bibi yake.

"Tuliogopa, Attracta. Jumba lile kubwa, makelele yake. Tulisema litanyonya umeme wetu wote."

"Hofu yenu haikuwa ya bure. Lakini mlizuia kituo kizima kabla ya kuuliza kitamhudumia nani. Kuuliza si ujinga. Baraza la wilaya lilifanya mkutano wa wananchi, ramani zikatundikwa ukutani. Tulikuwa watu sita na mbwa mmoja."

"Sasa nifute jina langu?"

"Ukifuta peke yako haisaidii. Mkakubaliane wote, kisha mwende na masharti. Moja, nyumba ziunganishwe kwanza. Mbili, jumba la kompyuta liwe na betri zake, na lipunguze matumizi jioni, wakati kila mtu anapika. Hayo yanawezekana."

Jioni ile Nuala alimkuta Dervla akikunja nguo za mtoto. Alifunga mlango.

"Mwanangu, nyumba yako imekwama kwa sababu yangu," alisema. Akaeleza yote, kuanzia mwavuli.

Dervla hakukasirika. Alikaa kitandani, akaanza kulia.

"Mama, na mimi nilitia sahihi."

"Wewe? Wapi?"

"Dukani. Uliiacha ile karatasi pale kaunta ili wengine watie sahihi. Niliona jina lako juu kabisa, sikusoma zaidi. Kilian hajui. Nimekuwa nikiogopa kukuambia."

Walikaa wameshikana mikono, kila mmoja na aibu yake.

Usiku uleule walimwambia Kilian. Aliitazama kalenda ukutani. Kisha akasema, "Perth watajibiwa kabla ya Krismasi. Mna mpaka hapo."

Kazi ngumu ilikuwa Fintan.

"Umenunuliwa, Nuala?" alifoka mlangoni kwake. "Wamekupa kompyuta ya bure?"

"Sijanunuliwa. Nimesoma. Wewe ulisoma mpango wote?"

Fintan alikuna kichwa. "Nilisoma ukurasa wa kwanza."

"Mpwa wako amenunua namba ishirini na mbili, Fintan. Anakaa wapi sasa?"

"Kwangu," alisema Fintan, sauti imeshuka. "Sebuleni. Anakoroma."

Walikutana ukumbini, birika kubwa likichemka. Attracta alichora ubaoni, watu wakabishana, wengine wakapiga meza. Mwishowe walikubaliana masharti. Wenye jumba la kompyuta walisitasita, kisha wakakubali kuyaandika kwenye mkataba. Wiki moja kabla ya Krismasi rufaa iliondolewa. Kilian alimpigia simu kaka yake, akamwambia bado hawaji.

Kituo hakijengwi kwa siku moja. Walibanana chumba cha nyuma karibu mwaka mwingine mzima, na Nuala hakulala vizuri mpaka alipoziona nyaya zinafukiwa ardhini mbele ya namba kumi na nne.

Vuli iliyofuata mapazia yalitundikwa. Una aliwasha taa, akazima, akawasha, mpaka Kilian akambeba. Nuala alikusanya nguo chafu, akaelekea kwenye mashine.

"Acha mpaka usiku, mama," alisema Dervla. "Saa hizi kijiji kizima kinapika."

Nuala alicheka. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza cha raha tangu ile Jumapili ya Perth.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Fintan, amelowa, na karatasi mkononi.

"Wanataka kuhamisha kituo cha basi," alisema. "Tieni sahihi hapa, mara moja tu."

"Ingia kwanza, bwana, unywe chai," alisema Nuala.

Aliichukua karatasi, akavaa miwani, akasoma mpaka mwisho, na upande wa nyuma pia. Kisha akampa Dervla.

"Soma na wewe," alisema. "Usiangalie jina la nani liko juu."