Bi Helga wa Nizwa

Kila siku baada ya sala ya alasiri, nyumba ya kina Mayar mjini Nizwa iligeuka kuwa hoteli. Mayar alivua sare ya shule, akavaa koti la mama yake na miwani isiyo na vioo, kisha akaingia ukumbini kwa mwendo wa madaha. Hapo hakuwa tena mwanafunzi wa darasa la saba. Alikuwa Bi Helga, meneja wa hoteli ya Ulaya, na maskini aliyekuwa mfanyakazi wake!

Mfanyakazi huyo alikuwa Thani, binamu yake aliyekulia Wete, Pemba. Jumatano ya wiki ile Thani alikuwa na usaili wa kazi kwa njia ya video. Hoteli moja ya Austria ilitafuta mtu wa chumba cha kufulia. Kazi kama hiyo alikwisha kuifanya Uholanzi, lakini aliachishwa kabla muda wa majaribio haujesha. Aliona haya kurudi Wete mikono mitupu, ndipo akaja Nizwa kwa shangazi yake, Bi Kaltham, mama yake Mayar. Wadogo zake watatu walimtazamia yeye, na kama angeikosa kazi hii hakujua pa kushika tena.

Mchezo wa hoteli aliutunga Bi Kaltham. Yeye mwenyewe alikuwa msimamizi wa usafi wa vyumba katika hoteli moja ya pale Nizwa, na alijua mameneja wanavyouliza. Mayar alipewa cheo cha umeneja kwa sababu Kiingereza chake kilikuwa kizuri. Cheo kilimpanda kichwani siku ya kwanza tu.

"Thani!" aliita Bi Helga kwa Kiingereza. "Mashuka ya ghorofa ya kwanza yafuliwe kwanza. Umefahamu?"

"Ndiyo, madamu," alijibu Thani, kichwa chini, macho kwenye zulia.

"Taulo zenye madoa ziweke kando. Umefahamu?"

"Ndiyo, madamu."

Mayar alimtazama. Mbona kila jambo ni ndiyo? Shetani wa utundu akamwingia. Akaongeza kasi, akasema kama mtangazaji wa mpira: "Kisha mito yote itie ndani ya friji, na ngazi zote uzipige pasi. Umefahamu?"

"Ndiyo, madamu," alisema Thani kwa heshima kubwa.

Mayar alicheka mpaka miwani ikamwanguka. Ammar, mdogo wake, aligaagaa juu ya zulia. Hata Bibi Mwanamize, mama yake Bi Kaltham, aliyekuwa akimimina kahawa pembeni, alijifunika mdomo kwa kanga yake.

"Kuna nini?" aliuliza Thani.

"Kaka Thani, umekubali kupiga pasi ngazi!" alipayuka Ammar.

Thani hakucheka. Aliweka kikombe chake chini taratibu, akatoka. Usiku wakati wa chakula alimwambia Bi Kaltham, "Shangazi, niwie radhi. Mwarifu huyo meneja wa Austria kuwa nimeghairi. Kazi za Ulaya si fungu langu."

Bi Kaltham hakupandisha sauti. Alimwita Mayar jikoni. "Umemcheka mtu aliye mashakani," alisema. "Wewe ndiye uliyemtoa, basi wewe ndiye utakayemrudisha."

Kesho yake, baada ya shule, Mayar alimwomba baba yake, Bwana Abdullatif, amchukue Firq, nje kidogo ya mji, kwenye karakana yake ya viyoyozi. Thani alikuwa amejificha huko tangu asubuhi. Walimkuta uani amechutama, anaosha vichujio vilivyojaa vumbi.

"Kaka Thani, nisamehe," alisema Mayar. "Nilikukosea."

Thani aliendelea kumwagilia maji. Kisha akasema, "Hukusema uongo wewe. Umenionyesha kilichoniponza." Akafunga bomba. "Kule Uholanzi msimamizi wangu alikuwa mama wa makamo. Mtu mzima akikuuliza umefahamu, utamjibu hukufahamu? Si sawa na kumwambia kuwa hajui kueleza? Mimi sikulelewa hivyo. Basi nikawa nasema ndiyo, kisha natazama wenzangu wanafanya nini. Siku moja wenzangu hawakuwapo. Nikatia vitambaa vyekundu vya meza pamoja na mashuka meupe."

"Yakawaje?"

"Ya waridi! Hoteli nzima ililalia mashuka ya waridi." Mayar alijiuma mdomo asicheke. "Yule mama akaniuliza, 'Mbona ulisema umefahamu?' Akaniona mwongo. Kufukuzwa si kitu, Mayar. Kuonekana mwongo ndiko kulikoniuma."

"Lakini ungemwambia tu kwamba hukufahamu," alisema Mayar. "Neno jepesi hilo."

"Jepesi, eti? Na wewe darasani, mwalimu akiuliza mmefahamu, na hukufahamu, hunyoosha mkono?"

Mayar alitazama maji yakitiririka sakafuni. Alizikumbuka hesabu za asilimia za Mwalimu Arwa. Tangu wiki iliyopita hakuwa ameambulia kitu. Na kila mwalimu alipouliza, darasa zima liliitikia, "Naam, ustadha!"

"Sinyooshi," alikiri. "Tena wallahi, katika kuitikia naam, sauti yangu ndiyo kubwa kuliko zote."

Thani aliangua kicheko, cha kwanza tangu jana. "Kumbe na Bi Helga naye!"

"Basi tuahidiane," alisema Mayar. "Kesho mimi nitanyoosha mkono. Nikinyoosha, Jumatano wewe utakaa mbele ya kompyuta."

"Na usiponyoosha?"

"Nitakufulia nguo zako mpaka Idi."

"Na zisitoke za waridi," alisema Thani. Wakapeana mikono.

Ahadi ni deni, na deni la Mayar lilimkosesha usingizi. Siku ya pili Mwalimu Arwa alieleza asilimia, akafuta ubao, akauliza, "Mmefahamu?"

"Naam, ustadha!"

Mkono wa Mayar ulikuwa mzito kama umefungwa jiwe. Aliunyanyua hivyo hivyo. "Ustadha, mimi sikufahamu. Tangu wiki iliyopita."

Darasa zima likageuka kumtazama. Yaqeen, aliyekaa naye dawati moja, alimpiga teke chini ya meza. Mayar alihisi masikio yakimwaka moto, akangojea kukaripiwa.

Mwalimu Arwa aliweka kalamu mezani. "Nani mwengine?" aliuliza kwa upole. Ukanyanyuka mkono wa nyuma, kisha wa dirishani, kisha wa Yaqeen mwenyewe. Mwisho karibu nusu ya darasa ilikuwa na mikono juu. "Alaa!" alisema mwalimu. "Na mimi muda wote huu nadhani nafundisha!" Akachora sinia ya halua ubaoni, akaikata vipande, akaanza asilimia upya. Mara hii ziliingia. Mayar alirudi nyumbani anatembea kama aliyeshinda mbio.

Jumatano ikafika. Kompyuta iliwekwa juu ya meza ya ukumbini. Thani alivaa shati jeupe lililopigwa pasi na shangazi yake, na jamaa wote wakakaa upande ambao kamera haiwaoni. Meneja alitokea: mama mwenye mvi na sauti ya taratibu, hata hafanani na Bi Helga.

Alieleza kazi ilivyo. Nguo chafu hushuka kwa lifti ya nyuma, safi hupanda kwa lifti ya mbele. Kisha akaeleza kwa haraka kidogo habari ya mashuka ya mgeni aliyeugua. "Sasa nirudilie nilivyosema," akamwambia Thani.

Thani alieleza lifti ya nyuma. Akaeleza lifti ya mbele. Hapo akakwama.

Mayar alilijua jibu. Mashuka ya mgonjwa hutiwa katika mfuko wa manjano, ukafungwa, wala haufunguliwi kwa mkono. Jibu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wake, na kunong'ona kidogo tu kungetosha. Alimtazama mama yake. Bi Kaltham alitikisa kichwa. Mayar akajiziba mdomo kwa viganja viwili.

Macho ya Thani yalianza kushuka, kama yalivyozoea. Yakafika kwenye meza. Kisha yakapanda tena, yakamtazama yule mama usoni.

"Samahani, madamu," alisema. "Ya mashuka ya mgonjwa sikufahamu. Naomba unieleze tena."

"Asante kwa kuniambia," alisema meneja. Akainua mfuko wa manjano mbele ya kamera, akaeleza pole pole, na Thani akarudia neno kwa neno. Alipoulizwa kwa nini aliacha kazi Uholanzi, alieleza kisa cha mashuka ya waridi bila kuficha. Meneja alicheka, kisha akawa makini.

"Kwangu kuna mashine za moto mkali na dawa za kuunguza," alisema. "Asiyeuliza ataumia, au atamwumiza mwenzake. Wewe ninakuchukua."

Bibi Mwanamize alipiga kigelegele hata meneja akashtuka huko Austria.

Thani aliondoka, na miezi ikapita. Asubuhi moja ya Ijumaa uliingia ujumbe wake wa sauti. Muda wa majaribio umekwisha na kazi imethibitishwa. Tena amepewa wageni wawili awaonyeshe kazi, mmoja kutoka Eritrea na mmoja kutoka Nepal. Bi Kaltham alifuta machozi waziwazi. Mayar alijisikia kifua kimejaa, kama kwamba kazi ile amethibitishiwa yeye.

Bibi hakungoja hata kahawa ipoe. Alimpigia simu dada yake aliyeko Sur, simu ikiwa wazi ili wote wasikie.

"Dada, mjukuu wangu aliulizwa na meneja wa Ulaya, akajibu hakufahamu!"

"Masikini! Pole, ndugu yangu," alijibu dada yake.

"Pole sitaki! Nipe hongera!" alifoka Bibi, macho yakimng'aa. Akawageukia Mayar na Ammar ili nao wasikie. "Baba yake Thani nilimlea kwa adabu, naye akamlea mwanawe vivyo hivyo, wala sijuti. Lakini adabu haimtumi mtu kusema uongo. Ukisema umefahamu na hukufahamu, huo ni uongo, hata uinamishe kichwa mpaka chini. Anayeuliza ndiye anayemheshimu mkubwa wake, maana anataka kuitenda kazi kama alivyoagizwa. Kwa hilo ninajivunia Thani. Na huyu Mayar wangu, aliyetangulia kunyoosha mkono, ninajivunia vilevile."

"Basi hongera, dada," sauti ya kutoka Sur ikasema. "Hongera sana."

Bibi alikata simu, akampa Mayar amtafutie namba za jamaa wa Ibra, kwani nao walikuwa hawajasikia.