Jua Lililozama Kaskazini

Kila Jumamosi asubuhi mama na binti yake walitoka na mizigo yao, mama na ngazi begani, binti na bunda la waya. Mama alikuwa fundi wa kufunga madishi ya televisheni. Binti alikuwa na miaka kumi na miwili, na mtaa mzima ulimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo.

Jumamosi hii mdomo ulikuwa umefungwa.

"Chiriku wangu, umemeza ulimi?" mama aliuliza walipofika kwa mshonaji, mteja wao wa siku hiyo.

"Hamna kitu, mama," alijibu.

Kitu kilikuwepo. Jana yake jioni alichukua simu ya mama bila ruhusa ili atazame nyota kwa programu waliyoonyeshwa na mwalimu wa sayansi. Alitaka simu ishikamane na nondo za dirisha, mikono yake ibaki huru kuchora, hivyo akatia sumaku nyembamba ya spika mbovu ndani ya kava. Programu ilipoomba kujua mahali alipo, alikumbuka maonyo kuhusu matapeli wa mtandaoni, akabonyeza "Kataa". Kisha akaielekeza simu kwenye mwezi. Programu ikamwambia mwezi uko nyuma yake, chini ya sakafu! Akafungua dira ya simu hiyo, ambayo mama huitumia kazini. Nayo ikasema jua lilikuwa limezama kaskazini.

Aliamini ameiua simu. Akairudisha mezani kimya kimya, wala hakumwambia mtu.

Sasa mama alisimama uwanjani, mbali na mabati yasije yakaivuruga dira, akasoma mwelekeo kwenye simu. Mawingu yalikuwa yametanda, jua halikuonekana hata kidogo.

"Setilaiti iko kule," alisema, akapanda paani. Chiriku alishika ngazi.

Mama aligeuza dishi taratibu akitazama kipima mawimbi. Hakikusoma chochote. Akageuza tena. Bure.

"Labda ule mti unatuzibia," alisema. "Ngoja nilihamishie ukingoni."

"Fundi, mvua hiyo inakuja!" mshonaji alipaza sauti.

"Dakika mbili tu, mzee wangu!"

Akisema, atagombezwa mbele ya mteja, na pengine hataletwa kazini tena. Akinyamaza, mama atazidi kusogea ukingoni. Manyunyu yakaanza. Mama alichuchumaa, mkono mmoja ukiwa kwenye dishi, na hapo mguu wake ukateleza. Bati lililia. Aliwahi kulishika bomba la dishi kwa vidole tu.

"Mama, shuka!" Chiriku alipiga kelele. "Dira inadanganya! Nimeiharibu mimi, jana!"

Mama alishuka polepole. Chiriku alieleza yote huku akilia, asibakize hata sumaku. Mama akavua kava, sumaku ikadondoka.

"Dira huongozwa na sumaku ya dunia," alisema akihema. "Wewe umeiwekea nyingine ubavuni. Imsikilize nani?"

Akaizungusha simu hewani kama anayeandika nane, mara kadhaa, ili dira ijipange upya. Mshale ukahama robo nzima ya duara.

"Kumbe tulikuwa tunatafuta mawimbi jikoni kwa jirani!" mshonaji alisema, na hata mama akacheka kidogo.

Mvua ilipokatika na mabati kukauka, mama alipanda tena. Safari hii kipima mawimbi kililia mara moja.

Jioni walikaa kizingitini, mama akafungua mipangilio ya simu. "Kukataa hakukuwa kosa, ulijilinda. Lakini programu ya nyota isipojua uko wapi, inakuchorea anga la mji mwingine. Hii iruhusu, ila inapotumika tu."

Chiriku aliielekeza simu juu. Mwezi wa kwenye kioo ulikaa sawasawa na mwezi wa angani, lakini yeye hakuweza kufurahi.

"Mama, umenikasirikia?"

"Nimekasirika, ndiyo. Uliichukua simu bila kuuliza. Hilo tutalimaliza. Ila simu yenyewe tumeitengeneza kwa dakika tano." Mama alimvuta karibu. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Leo maradhi uliyaficha wewe, na kifo nusura kinichukue mimi. Ukikosea tena, mwanangu, na utakosea tu, niambie ningali chini."