Nondo Katika Chumba cha Nyuzi

Majirani zangu, sogeeni niwasimulie yaliyoipata nyumba ya pili kutoka kwangu. Wenyewe wameniruhusu, tena mwenye kisa ndiye anayekicheka kuliko wote.

Ni nyumba ya amani. Baba ni fundi ujenzi, amekunja nondo za zege tangu ujana wake. Mama ni mfumaji, na mkono wake ni mwepesi hata tukambatiza Mama Nyuzi. Wanaishi na binti yao na bibi mzaa baba, kikongwe ambaye kifua chake hakipatani na baridi. Jioni utawakuta barazani, bibi anawatania, wao wanashika mbavu.

Bibi aliomba kitu kimoja tu: shali ya sufu. Mama Nyuzi akaianza kwa uzi mweupe, akafika nusu, akaiweka kando. "Huu unakwaruza, mama," alimwambia. "Ngoja nitafute unaokufaa."

Hapo ndipo ugonjwa ulipojificha. Maana Mama Nyuzi, jamani, alikuwa na uroho wa nyuzi. Kila alipomsindikiza mumewe kwenye kazi za mbali, safari iligeuka ya kuhemea sufu. "Simama hapo!" Gari linasimama. Mara duka hili, mara mfugaji wa kondoo yule. Alinunua madonge ya kila rangi, na manyoya ya kusokota mwenyewe, yote yakaingia chumba cha nyuma na mlango ukafungwa. Safari moja alirudi na gunia la manyoya mabichi, yenye mafuta na samadi bado, akalitupa juu ya nyuzi safi. "Nitayafua kesho." Kesho hiyo mnaijua ninyi na mimi.

Baridi ikaingia. Siku hiyo mume na mke walikuwa njiani kurudi, simu ikalia. Ni binti, sauti yake ikasikika gari zima.

"Mama, bibi anatetemeka! Nimeenda kumchukulia shali yake hivyo hivyo nusu, lakini chumba cha nyuzi kina nondo tele!"

"Hizo za baba yako. Usiziguse, zitakuangukia mguuni."

"Mama, siyo..." Mtandao ukakata.

Mama Nyuzi akamgeukia mumewe. "Kumbe umeingiza nondo zako chumbani kwangu! Unataka sufu yangu ishike kutu?"

"Nondo zangu zote ziko saiti, mke wangu. Nyumbani hakijabaki hata kipande." Fundi akakunja uso. "Na mama anatetemeka. Twende moja kwa moja."

"Duka moja tu, liko hapo mbele. La mwisho."

Fundi anampenda mkewe, na huo ndio udhaifu wake. Akasimama. La mwisho likazaa la mwisho jingine, wakafika nyumbani wamechelewa sana.

Walimkuta bibi kitandani, amefunikwa koti la kazi la mwanawe, lenye saruji iliyokauka mikononi. Anakohoa, mjukuu amemshika bega. Mama Nyuzi akakimbilia chumba cha nyuma. Alipofungua mlango, kundi la mabawa ya vumbi likamrukia usoni.

"Nondo! Nondo!"

Fundi akaja mbio. "Imekuangukia wapi?"

Kisha akaona mwenyewe. Hazikuwa nondo za chuma, ndugu zangu. Walikuwa nondo wadudu, wale wanaotaga mayai kwenye sufu, na vijidudu vinavyoanguliwa huitafuna. Walizaliana katika gunia lile, wakashukia madonge. Shali nyeupe ilipoinuliwa ilikatika vipande vipande. Mama Nyuzi akakaa sakafuni akalia kwa sauti.

Alimwendea bibi na mabaki mkononi. "Nisamehe, mama. Nilikuwa nakutafutia uzi mzuri."

"Mwanangu, baridi haichagui rangi," alisema bibi. "Hivyo vilivyobaki haviungiki?"

Asubuhi bibi alipelekwa zahanati, akarudi na dawa na maonyo. Gunia tulilichoma moto, na majirani tukasaidiana kukung'uta nyuzi na kuzianika juani. Mama Nyuzi hakuinuka kitini. Aliunga vipande vya uzi vilivyosalimika, vya kijani na vya kahawia, vya buluu na vya zambarau, kila palipokatika akapiga fundo, mpaka shali ikaisha. Rangi zake zinagombana, sisemi uongo. Bibi haivui hata jua likiwaka.

Juzi nilimtania, "Bibi, shali yako ina mafundo mengi."

"Yanikune mgongo," akajibu. "Nilipongojea laini nilikaribia kufa."

FUNZO

Ndugu zangu, fundo na funzo vimepishana herufi moja tu. Kukusanya vitu siyo kutunza watu. Mama Nyuzi alimpenda bibi kweli, hakuna anayebisha, lakini mapenzi yake aliyafungia chumbani yakaliwa na wadudu. Ukipigiwa simu kutoka nyumbani, sikiliza mpaka mwisho, na ukiambiwa kuna nondo, uliza kama ni za chuma au ni wenye mabawa. Siku hizi Fundi akipita duka la nyuzi humchokoza mkewe, "Nisimame?" Naye humjibu, "Endesha, mama anatungoja." Nawe, kama nyumbani kwako kuna anayetetemeka, mfunike leo kwa hicho ulicho nacho.