Jumamosi za Kubwimana

Jumatatu asubuhi kabati la ofisi ya kazi lilikutwa wazi, kufuli imekatwa. Kitu kimoja tu kiliibwa: daftari la mishahara la karakana ya Clovis, kule Kimisagara, Kigali.

Inspekta Gisa aliokota kufuli, akamgeukia Mukashema, mama anayepima hasara za wafanyakazi walioumia.

"Daftari lilikuwa la nini?"

"La kesi ya Kubwimana. Msumeno wa Clovis ulimkata mkono. Nilikuwa nahesabu pesa atakazokosa mpaka azeeke. Kesho niko mbele ya hakimu, na siku zake za kazi zimo mule."

"Ana watoto?"

"Wanne. Na mkono mmoja."

Saa nne Clovis alikuja mwenyewe. Viatu vyeupe, marashi yamemtangulia. Alitupa daftari jingine mezani kama anatupia mbwa mfupa.

"Nasikia mumeibiwa. Pole. Bahati yenu nina nakala."

Mukashema alifungua, akakunja uso. "Hapa Kubwimana alifanya siku moja kwa wiki!"

"Ndiyo. Kibarua wa Jumamosi, asubuhi tu. Haya mama, piga hesabu: mkono wa siku moja iko bei gani?"

Alicheka peke yake.

Gisa aliagiza Kubwimana aletwe. Aliingia, kigutu cha mkono wa kulia kimefungwa kitambaa.

"Angalia, fundi mkubwa amefika!" Clovis alisema.

"Kubwimana," Gisa aliuliza, "kabla hujaumia, Jumamosi asubuhi ulikuwaga wapi?"

"Umuganda, chefu, ile kazi ya bure ya kila Jumamosi, kama watu wote. Tulikuwa tunachimba mifereji." Kwa mkono wa kushoto akatoa kadi. Mihuri ya konseye, kiongozi wa sekta, Jumamosi baada ya Jumamosi, mwaka mzima kabla ya ajali.

Gisa aliiweka juu ya daftari.

"Bwana Clovis, Jumamosi asubuhi Kigali yote iko na jembe. Karakana zimefungwa. Wewe jembe ulishika lini?"

"Mimi? Mimi nalipa mtu aniendee."

"Ndiyo maana hukukumbuka umuganda ulipoandika hii nakala."

Clovis alitia mkono mfukoni. "Chefu, tuongee kidogo..."

"Nani alikata kufuli?"

Clovis alianza kuvuta daftari lake.

"Nani?"

"Mimi! Daftari la kweli iko chini ya godoro. Sikulichoma, madeni ya wateja wangu yamo ndani. Alifanya siku tano, haya! Lakini nimlipe huyu mpaka azeeke? Mkono wa kushika mbao tu! Ukikatika unachukua mwingine."

Kubwimana alitazama vile viatu. "Ndio uliokujengea nyumba, patroni."

Mukashema alikuwa ameshaandika: siku tano.

Pingu zilifungwa.

"Nitatoka lini?" Clovis aliuliza.

"Jumamosi," Gisa alisema. "Wafungwa nao wanaenda umuganda. Jembe utapewa."