Divai ya Bwana Edmond Bila Barafu

Jumamosi ya kwanza ya joto kali, duka la vinywaji la Bwana Edmond Tarraf, mtaa wa Geitawi, Beirut, lilifurika watu kama kanisa siku ya Pasaka. Jenereta ya mtaa ilikuwa imezimwa, feni zimenyamaza. Nyuma ya kaunta alisimama Ghinwa, gauni lake la kitani rangi ya zeituni, nywele kazibana kwa kalamu, akigawa ushauri kama anayegawa makofi.

"Nyekundu nzito msimu huu, mama? Hilo blanketi hilo! Chukua nyeupe ya zabibu za milimani, uinywe na samaki wa kuchoma. Na wewe, ami, acha kuinusa hiyo divai ya rangi ya waridi kama manukato. Ipoze, kata tikiti maji na jibini, mkeo atakusamehe."

"Na mimi je?" sauti ikauliza nyuma yao. "Nataka kitu cha kumpoza mtu aliyepandisha makreti ngazi zote hizi."

Alikuwa kijana mrefu, shati limemganda mgongoni, vumbi la shayiri kwenye ndevu, mkononi chupa tupu ya maji ya duka.

"Makreti ya nani?"

"Yangu. Bia. Naipika mwenyewe Batroun, kwa mapipa madogo."

Ghinwa akafungua chupa, akanywa funda moja, akafumba macho. "Ngano. Maganda ya limau. Na chumvi kidogo. Nani kakufundisha kutia chumvi?"

"Bahari iko mlangoni kwangu. Inaingia yenyewe."

"Muongo."

"Wadih."

"Nini?"

"Jina langu Wadih. Muongo ni la ukoo."

Watu kwenye foleni wakacheka. Ghinwa hakucheka, lakini hakuirudisha ile chupa.

"Bia hii ni ya kunywewa kibarazani na karoti zenye ndimu," alisema. "Nitaisifu. Ila umeitia kwenye chupa nyeupe inayopitisha mwanga. Jua likiipiga mchana mmoja tu, itanuka kicheche."

"Basi nitaifungia ndani kama binti wa watu."

"Binti wa watu hafungiwi. Lipia maji uliyokunywa, uondoke."

Jioni simu ya Ghinwa ikalia.

"Ni yule muongo. Nina kiu."

"Bahari si iko mlangoni kwako?"

"Ina chumvi nyingi, roho yangu."

"Nani roho yako? Jana ulikuwa hunijui!"

"Ndiyo maana jana nilikuwa maiti."

Yakaanza hivyo. Siku za mapumziko walikaa kwenye ukuta wa bahari Batroun, kati yao bakuli la lupini, kunde za kutafuna zilizotiwa chumvi, Wadih akimwonjesha bia isiyoiva bado, akimpangusa povu kwenye mdomo wa juu kwa kidole gumba. Siku moja Ghinwa akamweleza jambo ambalo hakuna mtu Beirut aliyelijua.

Baba yake, Shahin Bou Karam, alikuwa mkulima wa zabibu Ain Safsaf, bonde la Bekaa. Zabibu nyeupe za kienyeji, za mababu. Mfanyabiashara mmoja mkubwa alimpa mkono kwamba atanunua mavuno yote, akamwahidi malori. Asubuhi ya mavuno zabibu zilikuwa zimekatwa, zimepangwa juani, wanawake wanaimba, na malori hayakuja. Mkubwa alisema kwa simu kwamba siku hizi watu wanataka nyekundu ya Kifaransa, hizo nyeupe wapeni punda. Zilioza palepale, nyigu wakifanya karamu. Baba aling'oa shamba lote kwa mikono yake, akashindwa kung'oa safu tatu zilizo nyuma ya nyumba, alizozipanda na marehemu mkewe.

"Nani huyo mkubwa?" Wadih aliuliza, ngumi imekaza.

"Jina lake halitajwi kwetu. Baba aliapa."

Na kweli hakulitaja. Hakumwambia kwamba mkubwa huyo ndiye Edmond Tarraf, wala kwamba aliomba kazi kwake ili akae karibu na shingo yake. Wapo wanaosema kusahau ni dawa. Wanaosema hivyo aghalabu ndio waliokosa. Siku hizi Edmond aliziuza zabibu zilezile, kutoka mashamba ya watu wengine, kama hazina aliyoivumbua yeye, na picha yake ukutani akiinua glasi.

Ghinwa alijua na jingine. Kiangazi kilichopita, Edmond alibana mafuta ya jenereta, akaiacha divai yake nyeupe ichemke kwa joto ghalani. Sasa aliamuru iuzwe ikiwa baridi ya kuumiza meno. "Ulimi ukifa ganzi hauulizi maswali," alimwambia Ghinwa, akikonyeza jicho. Ghinwa akalikunja neno hilo, akaliweka.

Mwezi Julai, Edmond aliingia dukani akipuliza moshi wa sigara. "Ghinwa! Nimeona mizabibu ya zamani ajabu, nyuma ya nyumba ya mzee mmoja Ain Safsaf. Yule kijana wa bia ndiye aliyenipeleka. Nitainunua."

Chupa ilimponyoka Ghinwa, ikapasuka sakafuni.

Usiku ule Wadih alimpigia Ghinwa simu mpaka ikachoka kulia. Siku ya pili vilevile. Mara moja tu Ghinwa alipokea.

"Ghinwa, macho yangu, nimekosa nini? Na mzee wako amenifukuza bila—"

"Mzee wangu ana akili kuliko mimi." Akakata.

Alikuwa amepanga kisasi juu ya mtu mmoja. Sasa kikawa juu ya wawili.

Nafasi ilikuja yenyewe. Edmond aliwaalika wenye mikahawa juu ya paa la jengo lake, alasiri, waonje vinywaji vya kiangazi. Msemaji ni Ghinwa, maana mikahawa ilimwamini yeye. Alichosifu ndicho kilichojaa friji zao msimu mzima. Bia ya Wadih ilitangulia kufika hapo paani asubuhi, makreti yote aliyokuwa nayo. Adhuhuri Ghinwa akayatoa kivulini, moja moja, akayapanga juani, chupa nyeupe zinang'aa kama meno.

Wageni walipokaribia kufika, akampigia baba yake, apate nguvu ya chuki.

"Baba, usiwauzie mizabibu. Wadih ndiye aliyemwonyesha Edmond."

"Usilitaje jina hilo nyumbani mwangu!"

"Niko kwenye simu, Baba."

"Simu iko nyumbani mwangu! Na hakuna aliyemwonyesha mtu kitu. Kijana wako alikuja kavaa suti ya sufu, Julai hii, anatoka jasho kama mtungi. Baba yake marehemu, kwa hiyo kaleta mkubwa mwenye jina amsemee, kama desturi. Kaleta yule."

"Amsemee nini?"

"Wewe, mwanangu, unizike wewe! Alikuja kukuposa."



"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambiaje? Adui yangu amekaa kwenye kiti changu, anamwomba binti yangu kwa mdomo uleule, bila hata kuuliza jina lako, wala hanikumbuki! Kahawa haiguswi mpaka ombi likubaliwe. Niliiacha ikapoa vikombeni, nikasema sina binti wa kuoza. Walipotoka ndipo yule akaiona mizabibu."

Ghinwa aligeuka, akakimbilia makreti. Alifungua chupa moja. Kicheche.

"Nimeambiwa nije kumimina," Wadih alisema mlangoni. Alikuwa amekonda, kavaa suti ileile. Akaziona chupa zimepigwa jua. Akamtazama Ghinwa. "Ulijua."

"Ndiyo. Niliziweka juani mwenyewe. Nilidhani umeniuza kwa Edmond. Wadih, yeye ndiye mkubwa wa malori."

Wadih alikaa kwenye kreti taratibu.

"Nilimpeleka *yeye*," alisema. "Kwa baba yako. Kuposa."

"Ulimpeleka."

"Mungu wangu. Na nilimwomba baba yako anywe kahawa kabla haijapoa!"

Walitazamana. Ghinwa alianza kulia, Wadih akaanza kucheka, na kwa kitambo haikujulikana nani anafanya lipi.

"Nimekuharibia msimu mzima," Ghinwa alisema.

"Umeniharibia. Tutaongea baadaye, na utalipa." Akavua koti. "Lakini yeye kwanza. Nifanye nini?"

"Toa barafu."

Wageni walipoketi chini ya turubai, ndoo zote za barafu zilikuwa tupu. Wadih akamimina divai nyeupe ya Edmond katika kila glasi, na Ghinwa akaanza kusema. Alisema sana. Aliwaambia joto halitaki kinywaji kizito wala kitamu mno, linataka chenye uchachu unaoamsha mate. Aliwaambia divai ya waridi iende na tabule, ile saladi ya majani ya kotimiri, bia ya ngano na kamba wa kukaanga, bia chungu na mishikaki. Edmond alikuwa akifuta jasho.

"Ghinwa, waache wanywe!"

"Subiri, bwana mkubwa. Divai njema haiogopi jua la alasiri."

Glasi zilipoacha kutoka jasho, akasema, "Sasa kunyweni."

Mwenye mkahawa wa samaki alikuwa wa kwanza kutema. "Matufaa yaliyochemshwa!" Mwingine akanusa, akaimwaga kwenye chungu cha maua. "Edmond, hii imepikwa. Umekuwa ukituuzia hii kwa barafu?"

"Yeye ndiye kaiacha juani!" Edmond aliruka, akimnyooshea kidole.

"Fungueni chupa yoyote ghalani kwake, mahali popote, mwonje," Ghinwa alisema. "Ilichemka mwaka jana, alipobana mafuta ya jenereta. Yeye aliniambia ulimi ukifa ganzi hauulizi maswali. Mimi ni binti wa Shahin Bou Karam."

"Shahin nani?"

"Ulikaa kwake juzi. Hukunywa kahawa."

Edmond alikunja uso, akitafuta. Hakukumbuka. Aliowaozeshea mavuno walikuwa wengi mno. Hilo ndilo lililomuuma Ghinwa kuliko yote, na ndilo lililomfanya asijute hata chembe. Wenye mikahawa walishuka ngazi mmoja mmoja bila kumuaga mwenyeji.

Wadih aliwaambia ukweli: bia yake ya leo imeharibika, wafuate nzima Batroun. Wachache walicheka, wawili wakauliza njia.

Jumapili Wadih alipanda Ain Safsaf. Mzee Shahin alimkuta mlangoni, shati tu, hana suti.

"Umekuja na nani safari hii?"

"Peke yangu, ami."

Mzee aliangalia barabara, kulia na kushoto, ahakikishe. Akaleta kahawa, akaichukua yake, akainywa yote mpaka machicha. "Kunywa, mwanangu. Inapoa."

Ghinwa, aliyesikiliza nyuma ya pazia, akatoka na gauni lake la zeituni. Wadih hakumbusu. Alitoa mfukoni chupa nyeupe, moja ya zile zilizopigwa jua, akaifungua.

"Nilisema utalipa. Yote, mpenzi wangu. Bila barafu."

Ghinwa aliipokea kwa mikono miwili. Alisimama mbele ya safu tatu za mizabibu ya mama yake, akainywa mpaka tone la mwisho bila kukunja uso, kisha akamrudishia chupa.

"Mbaya sana," alisema. "Tuoane."